Jiwe Lisilo na Jina: Namna Kimondo Kinavyopimwa, na Kwa Nini Kisisagwe Kuwa Dawa

Tarehe 14 Agosti 1992, saa 9:40 alasiri, wakazi wa mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, walisikia ngurumo kubwa angani, kisha mawe yakaanza kuanguka juu ya mashamba na mapaa ya majengo. Kijana mmoja aligongwa kichwani na kipande chenye uzito wa gramu 3.6, ambacho kwa bahati kilikuwa kimekwisha kupunguzwa kasi na majani ya mgomba, hakuumia sana. Watafiti waliofika baadaye walikadiria kuwa mawe yote yaliyookotwa yalikuwa na uzito wa kilo 150 hivi.

Watafiti hao walikuta pia jambo lisilohusu elimu ya nyota. Baadhi ya watu walikuwa wanayasaga mawe hayo na kutengeneza rojo, wengine wakilila na wengine wakijipaka mwilini, kwa imani kwamba Mungu ameshusha dawa ya UKIMWI. Hakuna sababu ya kuwacheka. Miaka hiyo ugonjwa ulikuwa umeingia karibu kila ukoo katika nchi zinazozunguka Ziwa Victoria. Upande wa Tanzania, wagonjwa watatu wa kwanza walikuwa wametambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na hospitali hazikuwa na dawa ya kufubaza virusi. Mtu anayeuguza, akiona jiwe limetoka mbinguni, ni rahisi aone kwamba jibu la dua zake limefika.

Lakini jiwe lile, kama mgonjwa yeyote anayeingia zahanati, lilikuwa linahitaji kwanza kupimwa ili lijulikane ni nini. Makala haya yanaeleza namna jiwe linalodhaniwa kuwa kimondo linavyochunguzwa mpaka likapewa jina na kundi lake, na yale ambayo jina hilo humwambia mtoa huduma za afya na mgonjwa wa Kanda ya Ziwa.

Vimondo vya Tanzania

Neno kimondo hutumika kwa mambo mawili: mwanga unaopita kasi angani usiku, na jiwe lenyewe pale linapofika ardhini bila kuungua lote. Hapa linatumika kwa maana ya pili. Vimondo vya namna hiyo hugawanyika katika makundi makuu matatu: vya chuma, vya mawe, na vile vyenye mchanganyiko wa chuma na mawe.

Watanzania wengi wakisikia neno kimondo hukumbuka kile cha Mbozi, mkoani Songwe, chenye uzito wa takriban tani 16. Hicho ni cha chuma: sehemu takriban 90 katika kila 100 ni chuma, na sehemu kubwa ya zilizosalia ni nikeli. Kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba kila kimondo ni bonge la chuma. Sivyo. Vimondo vingi vinavyoonekana vikianguka ni vya mawe, na mtu asiyezoea anaweza kuvipita njiani bila kugeuka.

Tanzania ina mifano mizuri. Mwaka 1930 jiwe lisilofika nusu kilo lilianguka Malampaka, kusini-mashariki mwa Mwanza, kwenye njia ya reli itokayo Tabora. Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe jingine, lenye gramu 705, lilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa. Kabla ya hayo, mwaka 1899, jiwe dogo lilianguka Peramiho, katika Mkoa wa Ruvuma wa leo. Yote matatu ni mawe, lakini ni ya koo tatu tofauti kabisa. Kwa macho tu hakuna ambaye angeweza kuzitambua koo hizo kwa uhakika.

Historia na uchunguzi wa nje

Tabibu huanza kwa kumuuliza mgonjwa: maumivu yalianza lini, wapi, na yalifuatwa na nini. Mchunguzi wa jiwe naye huanza hivyo. Je, kuna aliyeliona likianguka, au limeokotwa tu? Lilikutwa juu ya udongo, ndani ya shimo, au katika rundo la mawe mengine? Karibu na mahali hapo pana mgodi, karakana ya kuchomelea vyuma, au barabara iliyomwagwa moramu? Jiwe ambalo watu kadhaa wameliona likishuka mchana, na likaokotwa siku ileile, lina historia yenye nguvu. Jiwe lililonunuliwa mnadani kwa mtu asiyejulikana halina historia yoyote.

Kisha hufuata uchunguzi wa nje. Kimondo cha mawe kilichoanguka karibuni huwa na ganda jembamba jeusi, mara nyingi lisilofika unene wa milimita 1, lililotokana na uso wa jiwe kuyeyuka lilipokuwa likipita katika hewa. Ndani ya ganda hilo jiwe huwa la kijivu au rangi nyingine iliyofifia. Kingo zake huwa zimelainika, na pengine uso wake una mabonde madogo kama alama za vidole vilivyobonyeza udongo mbichi. Halina matundu kama ya mkate. Jiwe lenye matundu mengi kwa kawaida ni la volkano au ni mavi ya chuma.

Uzito nao husema jambo. Mawe makubwa ya itale yanayoupa mji wa Mwanza sura yake, pamoja na lile la Bismarck linalosimama ziwani, yana uzito unaokaribia mara 2.7 wa maji yenye ujazo uleule. Vimondo vingi vya mawe vina uzito wa mara 3.2 hadi 3.8. Tofauti hiyo husikika mkononi, na inaweza kukadiriwa kwa mizani bila hata kulilowesha jiwe: ujazo hupimwa kwa mchanga mkavu badala ya maji.

Sumaku: kipimo cha awali, si hukumu

Watu wengi wameambiwa kwamba jiwe likivuta sumaku basi ni kimondo. Kipimo hiki kina faida, kwa kuwa vimondo vingi vya mawe vina punje za chuma chenye nikeli. Ila watoa huduma za afya wanajua tofauti kati ya kipimo cha awali na kipimo cha kuthibitisha. Kwa miaka mingi wananchi wamehimizwa wakumbuke kwamba si kila homa ni malaria. Vivyo hivyo si kila jiwe linalonasa sumaku ni kimondo, na katika Kanda ya Ziwa onyo hilo lina uzito zaidi kuliko mahali pengine.

Ardhi ya Geita, Mwanza na maeneo jirani ina miamba ya kale sana yenye matabaka ya chuma, inayoambatana na ukanda wa dhahabu. Ndani ya miamba hiyo mna magnetaiti, madini ya chuma yanayovuta sumaku kwa nguvu. Kipande chake ni kizito, cheusi, na mvua na jua vinaweza kukilainisha kikafanana na kimondo. Zaidi ya hapo, Warongo na Wahaya waliyeyusha chuma kwa karne nyingi katika nchi ya magharibi na kusini-magharibi mwa ziwa, na mabaki yao, yaani mavi ya chuma, bado yamo ardhini. Nayo ni mazito, meusi, na mengine huvuta sumaku. Kwa lugha ya maabara, sumaku katika nchi hii hutoa majibu mengi chanya ya uongo.

Iko pia hatari ya upande wa pili, yaani majibu hasi ya uongo. Jiwe la Peramiho ni la ukoo wa vimondo vilivyotokana na lava iliyoganda juu ya kisayari, na ukoo huo karibu hauna chuma cha asili cha kunaswa na sumaku. Mtu angelipima kwa sumaku peke yake angelitupa.

Kuna jambo jingine ambalo hata wakusanyaji wazoefu hulisahau. Sumaku yenye nguvu hufuta kumbukumbu ya usumaku wa kale iliyohifadhiwa ndani ya jiwe tangu kisayari chake kilipoumbika. Kwa hiyo ni vema kutumia dira, au sumaku ndogo dhaifu iliyoning'inizwa kwa uzi, na kutazama tu kama inageuka.

Majaribio mengine mawili hupunguza makosa. La kwanza ni kusugua jiwe nyuma ya kigae kisichong'arishwa: likiacha mstari mwekundu au wa kahawia, yaelekea ni jiwe la chuma la hapahapa duniani, likiacha mstari mweusi au wa kijivu kilichokolea, yaelekea ni magnetaiti, kimondo kipya cha mawe kwa kawaida huacha alama hafifu au kisiache kabisa. La pili ni kupima nikeli maabarani kwa kemikali inayogeuka rangi ya waridi penye madini hayo. Chuma cha asili kisicho na nikeli si cha kimondo.

Kipande chembamba chini ya hadubini

Jibu la uhakika huanzia kwenye hadubini, na hapa kazi ya mwanajiolojia inafanana sana na ya mtaalamu wa patholojia. Kinyama kinachotolewa kwenye uvimbe wa mgonjwa huimarishwa kwa nta, hukatwa kwa unene wa mikroni 3 hadi 5, hutiwa rangi, kisha husomwa. Jiwe nalo hukatwa kwa msumeno wa almasi, hubandikwa juu ya kioo, na husuguliwa mpaka unene wake ubaki mikroni 30, yaani milimita 0.03. Kwa unene huo, jiwe lililokuwa jeusi tititi hupitisha mwanga.

Rangi ya kutia haihitajiki. Mwanga hupitishwa kwenye vichujio viwili vinavyouelekeza upande mmoja mmoja, na kila madini hujitambulisha kwa namna yanavyoupinda. Olivini, ambayo ni mchanganyiko wa magnesiamu, chuma, silika na oksijeni, hung'aa kwa rangi kali za buluu, waridi na njano. Piroksini nyingi huonyesha rangi za kijivu na njano iliyopauka. Feldspa huwa nyeupe na kijivu. Chuma chenye nikeli, pamoja na troilaiti ambayo ni chuma kilichoungana na salfa, havipitishi mwanga. Hivyo hutazamwa kwa mwanga unaorudi kutoka juu, navyo huonekana, cha kwanza cheupe kama fedha, cha pili cha rangi ya shaba iliyofifia.

Kitu kinachotafutwa zaidi ni kondruli: vijipunje vya mviringo, vingi vikiwa na upana usiozidi milimita 1, vilivyokuwa matone ya mwamba ulioyeyuka kabla Dunia haijaumbika, zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita. Hakuna mwamba wa Dunia wenye kondruli. Kimondo chenye asili hiyo huitwa kondraiti, na aina inayoitwa kondraiti ya kawaida hufanya takriban 8 kati ya kila vimondo 10 vinavyoonekana vikianguka.

Herufi na tarakimu

Baada ya kujua kwamba jiwe ni kondraiti ya kawaida, hutakiwa kujulikana ni la kundi gani. Mashine hupiga miali ya elektroni juu ya punje moja moja ya olivini na kupima ni kiasi gani cha chuma kimekaa mahali pa magnesiamu. Sehemu ya chuma ikiwa kati ya 16 na 20 katika 100, jiwe ni la kundi H, lenye chuma kingi kwa jumla. Ikiwa kati ya 22 na 26, ni kundi L. Ikiwa kati ya 27 na 32, ni kundi LL. Linaweza kuonekana ni jambo la kushangaza kwamba kundi lenye chuma kingi zaidi ndilo lenye olivini yenye chuma kidogo. Sababu ni kwamba katika kundi H chuma kingi kimebaki kuwa metali tupu, nje ya olivini.

Kisha hufuata tarakimu, kuanzia 3 hadi 6, inayoeleza jiwe lilipata joto kiasi gani ndani ya kisayari chake. Katika tarakimu 3 kondruli zina mipaka iliyo wazi. Katika 6 joto limezifuta karibu zote. Wauguzi wa wodi za saratani wataona mfanano: aina ya uvimbe ni jambo moja, na hatua yake ni jambo jingine, na daktari huvihitaji vyote viwili. Jiwe la Malampaka huandikwa H6. Yale ya Mbale huandikwa L5/6, kwa kuwa sehemu zake zimo kati ya hatua hizo mbili.

Ivuna liko mbali na hayo yote. Ni jiwe jeusi, laini, lenye kaboni, na lenye madini ya mfano wa udongo wa mfinyanzi yaliyofunga maji ndani yake. Halina kondruli, ila kemia yake inakaribia ile ya Jua lenyewe ukiondoa gesi nyepesi. Kundi lake linaitwa CI, na herufi I ni ya Ivuna. Mawe ya kundi hilo yaliyowahi kuonekana yakianguka duniani hayafiki kumi. Mwezi Desemba 2020 chombo cha Japani kilipoleta gramu chache za udongo kutoka kisayari Ryugu, wanasayansi waliulinganisha na vimondo vya kundi hilo na kukuta ni ndugu. Kipande cha jiwe lililoanguka kando ya Ziwa Rukwa kikawa kipimo cha kusomea kisayari kizima.

Rumuruti: nusu karne na zaidi bila jina

Jiwe lingine la Afrika Mashariki linafundisha subira. Tarehe 28 Januari 1934 kimondo kilianguka Rumuruti, Kenya, na kipande chake chenye gramu 67 kikafika katika makumbusho ya Berlin. Kilikaa humo kwa zaidi ya nusu karne bila kuainishwa sawasawa. Kilipochunguzwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1990, majibu hayakuingia katika kundi lolote lililojulikana. Olivini yake ilikuwa na sehemu ya chuma karibu 39 katika 100, kupita hata kundi LL. Chuma cha asili kilikuwa karibu hakipo. Hata uwiano wa aina tatu za atomu za oksijeni, ambao kwa vimondo ni kama vinasaba kwa mwanadamu, ulikuwa wa peke yake. Mawe yanayofanana nalo yalikuwa yamekwisha kupatikana Australia na Antaktika, lakini hayakuwa na jina la pamoja. Mwaka 1994 yakapewa jina: kondraiti za R, na herufi hiyo ni ya Rumuruti.

Wale waliolihifadhi jiwe hilo bila kulilazimisha kuingia katika kundi lisilo lake walifanya kazi nzuri. Katika tiba pia, kuandika kwenye faili kwamba chanzo cha ugonjwa bado hakijatambuliwa, na kuendelea kutafuta, ni bora kuliko kumpa mgonjwa jina la ugonjwa asio nao na dawa isiyomfaa.

Je, ndani yake mna dawa?

Majina hayo yote yanajibu swali lililoulizwa kwa vitendo Mbale. Kondraiti ya kundi L ni olivini, piroksini, feldspa, troilaiti na punje za chuma chenye nikeli. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachozuia virusi, kinachoua bakteria au kinachoshusha sukari.

Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa kimondo kina chuma, basi unga wake utaongeza damu. Chuma kingi cha jiwe kimefungwa ndani ya olivini na piroksini, na tumbo haliwezi kukifungua kwa kiasi cha kutegemewa. Kidonge cha madini ya chuma kinachotolewa kliniki ya wajawazito kina chuma kinachoyeyuka, kwa kipimo kinachojulikana, pamoja na asidi ya foliki. Unga wa jiwe hauna kipimo wala foliki.

Nikeli ndiyo inayotia wasiwasi zaidi. Kondraiti ya kundi L ina nikeli karibu asilimia 1.2. Gramu 5 za unga wake, ambazo hazijazi kijiko cha chai, zina nikeli karibu miligramu 60. Chakula cha siku nzima cha mtu mzima kwa kawaida hakifikishi nusu miligramu. Hata kama mwili utafyonza sehemu ndogo tu, kiasi hicho ni kikubwa, na mtu mwenye mzio wa nikeli anaweza kupata vipele na muwasho mkali.

Hatari kubwa zaidi ni jiwe lisilo kimondo

Kwa vile vimondo ni adimu, karibu kila jiwe linalouzwa kwa jina hilo ni jiwe la hapahapa. Katika nchi ya dhahabu, jiwe la hapahapa linaweza kuwa na sumu kuliko kimondo. Baadhi ya miamba yenye dhahabu kuzunguka ziwa huambatana na madini yenye aseniki. Marudio ya mchanga uliokwisha kuoshwa migodini yanaweza pia kuwa na zebaki. Aseniki ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa muda mrefu hubadili rangi ya ngozi, hukaza viganja na nyayo, na huongeza hatari ya saratani. Zebaki hudhuru ubongo na figo, na hudhuru zaidi ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Hili si jambo la kinadharia. Watafiti wa chuo kikuu cha tiba kilichopo Bugando na wenzao walichapisha mwaka 2014 uchunguzi uliofanywa kwa wajawazito wa maeneo ya uchimbaji mdogo wa dhahabu mkoani Geita. Karibu nusu ya walioulizwa walikuwa wanakula udongo, na katika vipande vya pemba vilivyopimwa yalikutwa madini kama aseniki, kromu na nikeli. Mama anayekula pemba hana nia mbaya. Anatuliza hamu au kichefuchefu. Ila udongo huo unaweza pia kuzuia chuma cha chakula kufyonzwa na kuleta mayai ya minyoo, hivyo upungufu wa damu ukazidi.

Kusaga kwenyewe kuna madhara. Miamba mingi ya Kanda ya Ziwa ina kwazi, na vumbi lake likivutwa mara kwa mara huharibu mapafu na kuongeza hatari ya kifua kikuu. Wanaofanya kazi kwenye makarasha wanalifahamu vumbi hilo. Anayetwanga jiwe ndani ya nyumba, kwa kinu na mchi, huwavutisha vumbi hilo na watoto wake.

Kumpokea mgonjwa mwenye jiwe

Hasara iliyo kubwa kuliko zote ni ya mgonjwa kuacha dawa zake. Mwaka 1992 mtu wa Mbale hakuwa na dawa ya kuacha. Leo hali ni nyingine. Tangu mwaka 2004 Tanzania imekuwa na mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na anayezitumia bila kukatiza anaweza kuishi miaka mingi, kulea watoto wake na kulinda mwenzi wake. Akiziacha kwa wiki kadhaa ili ajaribu jiwe, virusi huongezeka, na huenda vikajenga usugu. Ndivyo ilivyo kwa dawa za kifua kikuu, kisukari, shinikizo la damu na kifafa.

Mgonjwa anayetumia jiwe hatalitaja mbele ya mtu atakayemcheka. Muuguzi anayetaka kujua ukweli huanza kwa salamu na heshima: "Shikamoo mzee. Pamoja na dawa zetu, kuna kitu kingine unachotumia kujisaidia?" Au: "Mama, hili jiwe ulipewa na nani, na unalitumiaje?" Akishajibiwa, huuliza kama dawa za hospitali zimeachwa, na tangu lini. Huliomba jiwe likae pembeni, pasipo kulitukana wala kutukana imani ya aliyelileta. Husema wazi kwamba jiwe ambalo halijapimwa haliingizwi mdomoni, kama ambavyo damu ambayo haijapimwa haiwekwi kwa mgonjwa. Kisha huangalia dalili: kuharisha, kutapika, vipele, ganzi ya miguu, upungufu wa damu, na humpa rufaa anayestahili.

Ukiokota jiwe unalolitilia shaka

Usilisage, usilivunje, wala usilioshe. Vimondo vya kundi la Ivuna humong'onyoka vikiloweshwa, na mvua moja tu inaweza kupoteza kilichosafiri kwa mabilioni ya miaka. Lipige picha pale pale lilipo, kando yake ukiweka sarafu ili ukubwa uonekane. Andika tarehe, saa, jina la kijiji na majina ya walioshuhudia. Lishike kwa mfuko safi wa plastiki au karatasi ya alumini, kisha ulifunge pakavu. Toa taarifa serikali ya kijiji au mtaa na ofisi ya madini ya mkoa. Wataalamu wenye ujuzi wa kulichunguza wapo katika Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma, na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Jiwe likithibitishwa kuwa kimondo, taarifa zake hupelekwa kwa kamati ya kimataifa inayosajili majina. Kanuni yake inataka kiasi cha gramu 20 za jiwe, au asilimia 20 ya uzito wake likiwa dogo, kihifadhiwe katika taasisi ambapo wengine wataweza kulichunguza tena. Jina linalosajiliwa huwa la mahali lilipoangukia. Hivyo ndivyo Malampaka, kituo kidogo cha reli katika nchi ya Wasukuma, kilivyoingia katika orodha inayosomwa na wanasayansi wa dunia nzima, na ndivyo kijiji chochote cha kando ya ziwa kinavyoweza kuingia. Mpaka majibu yatoke, jiwe likae ndani ya mfuko wake, na mgonjwa aendelee na dawa alizoandikiwa.